Uso Aliouchagua Mama

Jioni ile mama alinituma nipeleke chakula kwa mjomba Alute. Hapo hapana cha ajabu. Tangu nikiwa sekondari, kila jua lilipoelekea kuzama, mama alifunga bakuli kwenye kitambaa, akapita nyuma ya shamba la alizeti, akapanda kule kwenye majabali na kurudi giza likianza kushika. Mjomba ni kaka yake wa pekee. Alifiwa na mke, hana mtoto. Nani mwingine angempikia? Ila siku hiyo mama alikuwa ameteguka mguu wakati wa kuvuna, na kifundo kilikuwa kimevimba vibaya.

"Gervas," akaniita. "Njoo uchukue hili bakuli."

Nilikuwa ndiyo kwanza natoka kazini Ikungi, nimechoka, pikipiki yenyewe haijapoa. Nilitaka kusema kwamba mjomba ana miguu mizima, aje afuate chakula chake. Lakini kwa mama yangu maneno ya namna hiyo huishia kooni.

"Uliweke juu ya lile jiwe bapa, kabla hujafika kwake. Usimwite. Usisubiri."

"Nisimsalimie hata mjomba?"

"Usisubiri, nimesema."

Nikaenda. Njiani nikafunua kitambaa nikamega tonge, maana sikuwa nimekula tangu asubuhi. Ugali wa mtama na mlenda, hauna chumvi hata chembe. Sababu niliijua. Nyumbani kwetu huinjikwa sufuria mbili: kubwa ya kwetu yenye chumvi, na ndogo ya mjomba isiyo na chumvi, kwa kuwa mjomba ana presha na daktari alimkataza. Tumeishi na sufuria hizo mbili miaka mingi na sikuwahi kujiuliza chochote.

Majabali ya kwetu Ihanja, wageni wakipita barabarani husimamisha gari wakapiga picha. Sisi tulikatazwa kucheza huko tangu mdogo wangu Aneth apotee. Alikuwa darasa la tatu. Alikwenda kuchunga mbuzi, mbuzi wakarudi wenyewe. Watu walitafuta wakaokota kandambili moja tu. Wengi walisema fisi. Wazee, kwa sauti ya chini, walisema ni mbojo, yaani wale wachawi wa tangu enzi za mababu ambao huiba mtu, wakamfungia shimoni, wakamlisha dawa na chakula kisicho na chumvi mpaka akasahau lugha ya watu, kisha wakamvika ngozi ya simba na kumtuma wanakotaka. Padre alikemea maneno hayo kanisani. Tukaweka matanga, tukazika gauni lake la komunyo ya kwanza nyuma ya nyumba, na watu wakatawanyika.

Nilifika kwenye jiwe bapa jua limeshazama, mwanga umebaki kidogo tu. Nikaweka bakuli. Nikageuka niondoke.

Harufu ikanifikia kwanza. Harufu ya ngozi mbichi, na ya mashudu ya alizeti yaliyolowa yakavunda.

Halafu kitu kikaburuzwa nyuma ya jiwe... polepole... kikasimama.

Ningeondoka. Mama alisema nisisubiri. Lakini mimi ni mtu mbishi, nikiambiwa usiguse lazima niguse, basi nikajibanza kwenye ufa wa jabali nikatega sikio. Nikasikia kitu kinakula. Kilikula haraka, kinapumulia puani, hakitafuni. Bakuli likawa linakwaruza juu ya jiwe. Kisha kimya, na katika kimya hicho nikasikia ukucha ukigonga bakuli tupu.

Ngo... ngo... ngo.

"Mjomba?" nikanong'ona.

Pumzi ikakatika.

Na hapo hapo, kutoka mbali, upande wa nyumba yake, nikamsikia mjomba Alute akikohoa na kuwafokea mbuzi waingie zizini.

Nilishuka mbio. Sijui nilikanyaga wapi. Nilimkuta mama amekaa pale pale nilipomwacha, mguu juu ya kigoda.

"Ulisubiri," akasema. Hakuwa ananiuliza.

"Kuna mbwa kule, mama."

"Eeh," akasema. "Ni mbwa."

Mjomba Alute hajawahi kufuga mbwa. Kesho yake mama alipeleka chakula mwenyewe, anachechemea na fimbo, na hakunituma tena.

Sasa nieleze kazi yangu, kwa sababu bila kazi hiyo ningebaki kuamini habari ya mbwa mpaka leo. Nina duka la steshenari Ikungi, jirani na uwanja wa mnada. Natoa fotokopi, nachapa kadi za harusi na mabango ya misiba. Chuoni Dodoma nilisomea kompyuta, na katika yote niliyofundishwa ni jambo moja lililonikaa moyoni: kwamba unaweza kuifanya kompyuta izalishe picha kama mkulima anavyozalisha mbegu. Inaanza na picha tisa za hovyo. Mstari hapa, duara pale, rangi zimemwagika. Mtu anachagua mbili anazozipenda. Programu inazichanganya hizo mbili, inachukua umbo la hii na rangi ya ile, inakosea kidogo kwa makusudi, inazaa tisa nyingine. Unachagua tena, inazaa tena. Hakuna anayechora. Kompyuta yenyewe haijui uzuri ni kitu gani. Inafuata macho ya watu tu, kizazi baada ya kizazi.

Nilitaka kupata maua ya vitenge kwa njia hiyo. Nikatoa skrini nje, nikaiweka kwenye meza barazani, na kibodi yenye namba moja mpaka tisa. Siku za mnada watu wakawa wanajazana. Wauza mbuzi, akina mama wa vitunguu, vijana wa bodaboda, kila mtu anabonyeza analolipenda na kumcheka aliyemtangulia. Simoni, fundi viatu aliyekaa kwenye baraza yangu, akajifanya msemaji wa mashine. "Karibuni mchague, hailipiwi, na ukichagua vibaya aibu ni yako!" Baada ya majuma kadhaa zile takataka za mwanzo zilikuwa zimegeuka maua ya ajabu, mapana, yenye rangi ya alizeti na udongo mwekundu. Jesca, mfanyabiashara wa vitambaa kutoka Singida mjini, aliyaona akasimama kinywa wazi. Akasema nikimpa ua moja lililokamilika atachapisha doti za kwanza.

Mama naye nilimpa. Mguu ulimzuia kwenda shamba mchana, na mtu aliyezoea jembe ukimkalisha anaugua zaidi. Nikamwekea programu kwenye laptopu yangu, nikamwonyesha namba. Kila asubuhi nilihamisha picha zake kwenye flashi nikazipeleka dukani, watu wakaendelea pale alipoishia. Jioni nikamrudishia za kwao. Alipenda mno. Akishamaliza kula anavuta kigoda, anasogeza uso karibu na kioo, anachagua polepole bila kusema neno. Nilifurahi. Mama ndiye mchagua mbegu wa ukoo wetu. Wanawake wa jirani humletea masuke ya mtama ayapange kabla hawajayaning'iniza juu ya meko. Nikajisemea, macho yale hayawezi kunipeleka pabaya.

Tatizo likawa wageni. Wageni ndivyo nilivyoziita picha mbili ambazo programu iliziingiza katika kila kizazi bila wazazi, picha za hovyo kabisa, ili damu isiwe moja. Watu wa mnada walizichukia. "Hizi takataka zinatoka wapi kila siku?" Jesca naye akalalamika kwamba zinachelewesha kazi. Mimi nikaziondoa. Ni kufuta mistari michache tu.

Jioni hiyo mama alikuwa anapanga masuke ya mbegu uani. Alichagua makubwa, yaliyojaa, akayafunga pamoja. Halafu, kama afanyavyo miaka yote, akachukua konzi moja ya yale yaliyodumaa, akayachomeka katikati ya fungu.

"Mama, hayo mabovu ya nini?" nikamtania. "Si bora uwape kuku?"

"Mbegu hawachagui nzuri tupu. Mama yangu alinifundisha hivyo, na mama yake alimfundisha hivyo. Ukichagua nzuri tupu, mwaka wa tatu shamba zima linakuwa mtu mmoja."

"Linakuwa mtu?"

"Unasimama shambani, yote yanafanana, yote yanakutazama. Ndivyo walivyosema. Mimi sijaona, kwa sababu sijathubutu." Kisha akauliza, "Wale wabaya wako kwenye mashine, mbona jana sikuwaona?"

"Nimewaondoa. Watu hawawapendi."

Mkono wake ukasimama juu ya masuke. Nilidhani atanikemea. Badala yake aliinuka, akaingia ndani akichechemea, akafungua laptopu kabla hata ya kula.

Kuanzia hapo mambo yakaenda mbio. Maua yakaanza kufanana. Yote yakawa na umbo la yai, yote na vivuli viwili juu na kimoja chini. Dukani watu hawakuona tatizo. Walisema ua limetulia. Msichana mmoja akacheka, "Kaka Gervas, ua lako linanitazama." Jesca akalichukua lilivyo, akachapisha doti za mfano, na Jumapili moja wanawake wawili wa kwetu wakalivaa kanisani. Mimi nilikaa nyuma yao misa nzima na sikusikia hata neno moja la mahubiri. Kila walipopiga magoti, vile vivuli viwili kwenye migongo yao vilinigeukia.

Nikajiambia ni uchovu. Mimi si nilisoma? Macho ya binadamu hutafuta uso hata kwenye mawingu.

Jioni moja nikarudi mapema. Mama alikuwa mbele ya laptopu, taa hajawasha, mwanga wa kioo umempiga usoni. Sufuria ndogo ilikuwa pembeni, chakula cha mjomba kimeshafungwa. Nikapita nyuma yake nitafute maji ya kunywa, nikatupa jicho kwenye kioo.

Halikuwa ua tena.

Zilikuwa nyuso tisa za mwanamke mmoja. Kijana, wa umri wa kuolewa. Mashavu ya ukoo wetu, paji la baba yangu marehemu. Sikio moja ncha imekatika, kama la mbuzi aliyetiwa alama. Na juu ya nyusi ya kushoto, katika kila uso, kulikuwa na mstari mweupe ambao kwa majuma mawili nilidhani ni dosari ya programu.

Kovu lile nalijua. Ni mimi niliyelishika kwa kitambaa damu ikichuruzika, siku beberu alipompiga pembe.

"Aneth," nikasema.

Mama aliruka na mguu wake mbovu akanifunika mdomo kwa kiganja. Alinibana mpaka meno yakaniuma.

"Usimtaje," akanong'ona. "Usimtaje, Gervas! Alisema akitajwa jina atakufa kweli."

Nikautoa mkono wake taratibu.

"Nani alisema?"

Akatazama mlango. Upepo ulikuwa unalisukuma bati, kaa... kaa... Akanisogelea mpaka nikasikia pumzi yake.

"Mwaka mmoja baada ya matanga nilimpelekea kaka chakula. Nikasikia bakuli linagongwa. Wewe unajua nani alikuwa anagonga bakuli namna ile."

Nilijua. Ngo, ngo, ngo. Mdogo wangu akishiba nusu, hasemi niongeze. Anagonga bakuli kwa ukucha mpaka mama anakasirika na kumwongeza. Nililisikia kule kwenye jiwe kwa masikio yangu haya na kichwa kikakataa kulitambua.

"Nililia mbele ya kaka yangu nikampigia magoti. Akasema, mlishe ukitaka, usitie chumvi, usimtaje jina, usimwambie mtu. Siku ukivunja moja ya hayo, utamzika. Sasa ningefanya nini, mwanangu? Ningefanya nini?"

Nilitaka kumkasirikia. Nilishindwa. Jioni ngapi huyu mama amepanda mlima ule, mvua na upepo, akarudi akakaa nasi mezani akatuuliza habari za shule? Lakini ile sehemu yangu iliyosoma bado ilikuwa inabishana. Mashine haijui mtu. Haya ni macho ya mama tu. Mama aliyefiwa anaweza kumkuza mtoto kichwani mwake mwaka hadi mwaka, akampa matiti na mashavu, akamfanya mtu mzima ambaye hayupo.

"Mama," nikasema kwa upole. "Yeye alipotea akiwa mtoto. Huyu ni mtu mzima. Umemjuaje uso wake wa leo?"

Mama akageukia kioo. Akaweka kidole kwenye shavu la ule uso wa katikati, akalipapasa.

"Hapa mashine imemnenepesha," akanong'ona. "Siku hizi amekonda."

Utaniuliza kwa nini sikukimbilia polisi. Niende niseme nini? Kwamba kompyuta imemchora marehemu tuliyemzika gauni? Na kama mama alikuwa anasema kweli, polisi wakiuliza jina lake mbele ya mjomba itakuwaje? Tukakubaliana jambo moja. Siku ya mnada mjomba huwapeleka mbuzi Ikungi tangu alfajiri na hurudi jioni. Siku hiyo tungepanda wawili, tukamtoa, nikampakia kwenye pikipiki mpaka Singida, tena mbali zaidi ikibidi. Mama aliandaa shuka na gauni lake mwenyewe. Alitafuta pia kandambili, akalipima gauni kwa mikono, akalipunguza kiunoni.

Funguo za duka nikamwachia Simoni. Nilijiona mjanja: mjomba akipita asikute duka limefungwa akajiuliza niko wapi. Nikamwambia Simoni afungue, atoe fotokopi, aseme nimekwenda kununua wino. Sikumwambia asitoe skrini nje, na picha za mama nilikuwa nimeshazihamishia dukani kwa flashi kama kila asubuhi. Hilo halikunijia akilini hata kidogo.

Asubuhi hiyo tulijificha kwenye mabua ya alizeti mpaka kengele za mbuzi zikapotelea barabarani. Tukapanda. Mama alitangulia, na kwa mguu ule mbovu nilishindwa kumfikia. Nyuma ya jiwe bapa kulikuwa na ufa uliozibwa kwa miiba. Nikaivuta. Ndani ni giza, na ile harufu ikanipiga nikayumba.

"Ni mimi," mama akaita kwa sauti ya kubembeleza, sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu utotoni. "Njoo. Ni mimi. Leo tunakwenda nyumbani."

Kimya.

Nikawasha tochi ya simu. Lilikuwa pango dogo, mtu hawezi kusimama wima. Nyasi zimetandikwa, zimelala. Bakuli la mama la jana yake limefunikwa kifudifudi, limelambwa hadi linang'aa. Jabali la ukutani lilikuwa limechakaa mahali pamoja, usawa wa kiuno, limelainika kwa kuguswa.

Nikaweka kiganja kwenye nyasi.

Zilikuwa na joto.

Mbuzi nao wakilala huacha joto, najua. Mjomba angeweza kuwa anafungia vitoto vya mbuzi mle. Nilimwambia mama hivyo. Hakunisikiliza. Alikaa kwenye zile nyasi akalikumbatia gauni, akanitazama kwa macho makavu.

"Mnadani hajawahi kumpeleka," akasema. "Kwa nini leo amchukue?"

Nilimrudisha nyumbani, nikaendesha pikipiki mpaka Ikungi nikiombea nisikutane na trafiki. Mnada ulikuwa umechangamka, vumbi juu, muziki kila upande. Lakini barazani kwangu hapakuwa na mtu ila Simoni, amekaa mbali na meza, viatu vya watu vimetapakaa chini hajavigusa. Simoni, ambaye siku nyingine huwezi kumnyamazisha!

"Kuna mzee alikuja," akasema. "Ana mbuzi. Ameshika kipande cha kile kitenge chako, anauliza ua hili linatoka wapi. Nikamwonyesha mashine. Nilikosea?"

"Alibonyeza?"

"Yeye hakugusa. Alikuwa na mwanamke." Simoni akajifuta midomo. "Alitembea katikati ya mbuzi, Gervas. Amejitanda kanga mpaka usoni, ameinama hivi. Mwembamba... sijaona mtu mwembamba vile. Mzee akamsimamisha mbele ya kioo. Akajiangalia... nasema akajiangalia, sijui kwa nini nasema hivyo. Kisha mzee akamwambia neno moja tu. 'Chagua.'"

"Halafu?"

"Akatoa mkono. Kucha hizo ndefu, Mungu wangu. Hakubonyeza haraka. Aligonga meza kwanza."

Sikumuuliza aligonga mara ngapi.

Nikaenda mbele ya skrini. Nyuso tisa zilikuwa pale, kovu, sikio, mashavu ya ukoo wetu, yamebonyea sasa kama mama alivyosema. Mdomo ulikuwa umetulia. Katika vizazi vyote vile, tangu ua la kwanza, vile vivuli viwili vilikuwa vikitazama. Sasa havitazami.

Zote tisa zilikuwa zimefumba macho.

Niliingia ndani, nikakaa kwenye kompyuta, nikairudisha ile mistari niliyoifuta. Nikarudisha wageni. Nikabonyeza kizazi kipya, kingine, kingine tena. Wageni wakaja, wale wabaya wa hovyo, mstari hapa, duara pale. Nikawatazama kwa karibu. Katika kila mmoja wao palikuwa na mikunjo miwili midogo iliyolala, sambamba, upande kwa upande. Nikachomoa waya ukutani.

Nilimtafuta mjomba uwanja mzima wa mnada. Mbuzi wake walikuwa wameshauzwa. Aliyewanunua alisema mzee alikuwa peke yake.

Nilirudi Ihanja jua linazama. Njia nzima nilipanga maneno ya kumwambia mama, na jinsi nitakavyomficha habari ya yale macho mpaka nipate uhakika. Bado inawezekana, nilijiambia. Labda ni mwanamke mwingine tu, mgonjwa fulani. Labda kampeleka mahali pengine, nami nitamfuata. Nilimkuta mjomba Alute ameketi uani kwetu kwenye kigoda cha mama, fimbo katikati ya magoti, ametulia kabisa.

"Shikamoo, mjomba," nikasema. Mdomo ulijisemea wenyewe, mazoea ni mabaya.

"Marahaba, Gervas. Pole na kazi." Akanitazama kwa huruma, au nilidhani ni huruma. "Nimekuja kula kwenu leo. Mama yako hana haja tena ya kupanda mlima na mguu ule."

Niligeukia jikoni. Mama alikuwa amechuchumaa mbele ya meko, ananipa mgongo, mabega hayatikisiki. Sufuria ndogo ilikuwa imeoshwa, imefunikwa kifudifudi juu ya kichanja. Aliinjika sufuria moja tu jioni ile, ile kubwa, na akatupakulia watu watatu sahani moja.

Mjomba alinawa, akamega tonge, akachovya mlenda, akala. Nikasubiri aseme kitu kuhusu presha yake. Akamega jingine.

Nikaonja. Chumvi ilikuwa imekolea.